Jinsi ya kuhesabu tuzo za Fleabag bila ugomvi kijiweni

Wale wa kijiwe cha kahawa Ngamiani, Tanga, mnaobishana kuhusu Fleabag, hii siriz ya komedi ya TV ya Uingereza, kwanza tenganisha kuteuliwa na kushinda, maana wengi wanajumlisha vyote halafu wanapiga kelele. Andika tuzo moja moja pembeni na mwaka wake. BAFTA (tuzo za Uingereza) 2017, kashinda Phoebe Waller-Bridge, mwandishi na mwigizaji mkuu wa siriz hiyo, uigizaji wa komedi. Emmy (tuzo za TV za Marekani) 2019 ndo mzigo wenyewe, ziko 6, humo kuna siriz bora ya komedi, Phoebe kabeba ya uigizaji na ya uandishi (huyu dada noma), uongozaji kachukua Harry Bradbeer. Golden Globe (tuzo za filamu na TV za Marekani) 2, hapo kuwa makini, zilitolewa Januari 2020 ila ni za kazi ya 2019, usije ukazihesabu mara mbili. Anayebisha bado, alipie kahawa na kashata kwanza.