Hei ya Julai ni nyasi za kuezekea: kateni wakati nyasi zinachanua

Septemba iliyopita nilikaribishwa kwenye boma moja wilayani Kilwa, mkoani Lindi. Mzee na wanawe wawili walikuwa wamejenga banda zuri la hei, yaani nyasi zilizokaushwa za kulisha mifugo, marobota yamepangwa mpaka karibu na paa. Nilifurahi kuyaona. Kijana mkubwa akakata kamba ya robota moja, akamtilia ng'ombe anayenyonyesha. Ng'ombe akanusa, akatafuna vijiti viwili vitatu, akageuza kichwa. Nikachukua bua moja na kulikunja, likakatika kama kijiti cha kuwashia moto. Nikauliza zilikatwa lini. Jibu ni lile lile ninalolipata kila mwaka: mwezi wa saba, baada ya kumaliza ufuta.

Wazee wangu, jasho lenu lote limeingia kwenye makapi. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinavyosaga malisho vinahitaji protini ya asilimia 7 hivi ili vifanye kazi. Nyasi inayoanza kuchanua kwa kawaida inafikisha kiwango hicho na kukipita. Ikishapukutisha mbegu na bua kuwa njano, inashuka chini yake kabisa. Hapo ng'ombe anajaza tumbo na bado anakonda, maziwa yanakatika, na ndama anakosa haki yake.

Najua kosa hili linakotoka. Familia nyingi zilizohamia Lindi, wakiwemo waliotoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, zilikuja na ujuzi wa ngitili: unafunga eneo la malisho, unaliacha, kiangazi kikikaza unaingiza mifugo. Ni ujuzi mzuri, na waliouendeleza huku kwa kutengeneza hei nawapongeza kwa dhati. Lakini nyasi za Usukumani ni fupi na laini kuliko hizi. Huku mvua ni nyingi zaidi, nyasi inapita kiuno, na kadiri inavyorefuka ndivyo inavyogeuka mti. Zaidi ya hayo, kwenye ngitili ng'ombe anajichagulia majani na kuacha mabua. Ukimfungia robota, umemchagulia wewe.

Sasa muda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kuanzia katikati ya Aprili, tembelea eneo ulilolifunga kila baada ya siku tatu. Hesabu mashina kumi mahali pamoja, kisha rudia sehemu nyingine tatu. Ukikuta matatu hadi matano kati ya kumi yametoa ua, noa mafyekeo. Yakifika manane, umeshachelewa. Usiniambie "bado hazijarefuka vya kutosha". Urefu unaoungoja ni wa bua, na ng'ombe hali bua.

Hofu yenu ya mvua za mwisho naielewa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja wakati ambao tungetegemea mvua zipungue. Kwa hiyo msifyeke eneo lote kwa siku moja. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, mkipata siku tatu za jua kateni kipande ambacho familia inaweza kukigeuza na kukifunga ndani ya siku hizo tatu, basi. Kipande kingine wiki inayofuata. Na kwa kuwa ufuta mwingi unavunwa kuanzia mwishoni mwa Mei, kazi hii inamalizika kabla shamba halijawaita. Familia niliyoitaja ilikuwa na mikono ya kutosha Aprili nzima.

Anzeni kufyeka saa 3 au saa 4 asubuhi umande ukishakauka. Acheni kisiki cha sentimita 10, maana mkikwangua mpaka ardhini nyasi haichipui vizuri na mnaokota udongo. Tandazeni nyembamba, geuzeni saa 5 na saa 9, jioni kusanyeni vichuguu vidogo ili umande usiziloweshe. Siku ya pili au ya tatu shika konzi moja uisokote kwa nguvu: ikitoa unyevu mkononi, subiri. Ukifunga nyasi mbichi utafungua ukungu, na ukungu unaweza kuua ndama.

Sanduku la mbao la kufungia liwe na urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, wazi juu na chini. Pitisha kamba mbili za katani kwanza, jaza, panda ukanyage, ongeza, kanyaga tena. Likishindiliwa vizuri linatoa robota la kilo 20 hivi. Nimeona masanduku ya kukisia yanayotoa marobota ya kilo 8, halafu mfugaji anahesabu 100 akidhani ana malisho. Pimeni kwa futi kamba!

Jambo jingine kwa wanaokata chini ya mikorosho. Salfa ya kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, huanza kupulizwa karibu na Juni, na unga wake hutua kwenye nyasi. Salfa nyingi ni sumu kwa ng'ombe, hata ubongo unadhurika. Anayekata Aprili anaiepuka. Anayekata Julai anaifunga ndani ya robota, na mara nyingi moto wa kusafisha mashamba umeshamtangulia.

Hei nzuri ina ukijani, inanukia, majani bado yameshikana na bua.

Hifadhini juu ya kichanja, mchwa wasifike, chini ya paa lisilovuja. Msijaribu kulisha kundi zima. Chagueni ng'ombe wanaonyonyesha, ndama walioachishwa na maksai wa kulimia. Kwa ng'ombe mmoja mkubwa wekeni kilo 3 kila jioni akirudi machungani, kuanzia katikati ya Agosti mpaka mvua za Desemba. Hizo ni siku 110 hivi, kilo 330, marobota 17. Mwenye ng'ombe watano wa maziwa aandae 85, na ahesabu hivyo Machi kabla ya kufunga eneo, si Septemba akiwa amesimama mlangoni mwa banda.