Ponti ya nyuma inalia: uibadilishe wewe mwenyewe ao umuachie mekanisiye?

Wandugu, hapa Goma gari inateseka, tunajua wote, ma avenue ya ndani ni mawe ya volkano matupu, unapakiza Hiace ama Hilux mupaka inainama nyuma kisha unapiga mawe kila siku, siku moja unasikia nyuma inaanza wuuuuu. Hapo kila mutu atakuambia ni ponti, ile ya nyuma yenye meno ya kupeleka nguvu ya moteri ku magurudumu. Ngoja kwanza, usitoe feza.

Mimi nilishaka kununua kichwa ya ponti muzima (ile sehemu ya katikati yenye kubeba meno), tukaifunga siku muzima, jioni naendesha na makelele iko palepale. Ilikuwa rulema (beringi) ya gurudumu ya kuume. Ile siku iliniuma sana, juu rulema ni piesi ndogo na feza yangu ilikuwa imeshakwisha. Ndio maana ninawaandikia hii.

Enda fasi lami iko mzuri, weka mwendo moja kisha kanyaga gazi, halafu achilia. Kama ile sauti inabadilika, inalia ukikanyaga na inanyamaza ukiachilia, ao kinyume, basi ni meno ya kuroni (gurudumu kubwa ya meno) na pinyo (ile ndogo yenye kuizungusha), ponti yenyewe. Kama inanguruma sawasawa tu na inaongezeka na mwendo, na ukikata kona upande moja inazidi, angalia rulema za magurudumu kwanza. Kama inapiga "ko!" wakati unaingiza vitesi (gia) ya mbele ama ya nyuma, lala chini ya gari utikise kardani (ile chuma ndefu yenye kuzungusha ponti) na mikono, mara mingi ni msalaba ya kardani, kiungo chake, njo imekufa. Kisha fungua mafuta ya ponti: ule uchafu wa kijivu laini kama tope ku sumaku ya buloni ni kawaida, lakini ukikuta vipande vya chuma, hata kipande ya jino, hakuna tena mjadala.

Sasa ponti imekufa kweli. Kuna kazi mbili watu wanachanganyaka. Kutoa kichwa yote na kuweka ingine yenye imeshapangwa, hiyo mutu mwenye mkono na funguo nzuri anaweza. Lakini kufungua kichwa na kubadilisha kuroni na pinyo ndani, usijaribu nyumbani. Nafasi katikati ya meno, ku Toyota mingi za hii aina, ni kama 0.13 mupaka 0.18 mm, hiyo jicho haioni, inaomba komparatere (saa ya kupima nafasi ndogo) na sahani nyembamba za kupangia ile nafasi, ukikosea kidogo tu inalia tena na meno inakulana. Hii kazi mupe mutu mwenye ile vyombo, na umuombe akuoneshe anapima.

Angalia pia aina ya ponti. Hilux na Hiace, kichwa inatokaka kwa mbele, lakini fimbo mbili za ndani zenye kuzungusha magurudumu zinapashwa kuvutwa kwanza, maana yake unafungua tambura (ngoma ya fre, breki), unafungua bomba ya fre, na mwisho unapurje fre yote (kutoa hewa ndani). Kama haujawahi kupurje fre, hapo njo pa kusimama, juu ponti mbaya inakulalisha njiani lakini fre mbaya inauwa. Land Cruiser mingi zile kubwa ni rahisi zaidi, unafungua ma ekru ku moyo wa gurudumu na fimbo inatoka, hata gurudumu haitoke.

Kwa kununua okazyo (yenye imeshatumika) kule Birere, usiangalie tu sura. Ratio, ni kusema pinyo inazunguka mara ngapi kuroni ikizunguka moja, lazima ifanane. Weka alama, zungusha kuroni mara moja, hesabu flanji ya mbele (fasi kardani inafungwa) inazunguka mara ngapi: meno 41 juu ya 10 inakupatia 4.1, meno 43 juu ya 11 inakupatia 3.9. Linganisha na yako ya zamani, fanya vile vile. Kama gari ni 4x4 na ratio ya nyuma haifanane na ya mbele, siku utaingiza 4x4 ku lami utavunja boite ya transfer (yenye kugawa nguvu mbele na nyuma). Tikisa pia flanji juu na chini, ikicheza rulema zake zimekwisha, iache hapo. Lakini ikizunguka kidogo tu kabla meno ishikane, hiyo ni sawa.

Kichwa inaweza kupita kilo 30, usiishike peke yako ukiwa umelala chini, mutu wa pili lazima. Gari ikae juu ya chandeli za chuma (miguu ya kushikilia gari), chini yake ubao mzito. Usiweke jiwe ya volkano, naona watu wanafanya hivyo kila siku, ile jiwe ina matundu ndani na inaweza kupasuka gari ikiwa juu yako.

Na kabla ya kutoa mafuta, fungua kwanza buloni ya juu, ya kujazia, juu ikikataa kufunguka utakuwa umemwaga mafuta yote na hauna njia ya kurudisha. Badilisha spi (sili za kuzuia mafuta) zote mbili za pembeni hata kama zinaonekana nzima. Kisha mafuta ya ponti 80W-90 ya GL-5, unajaza mupaka ianze kutiririka ku tundu ya juu, gari ikiwa sawasawa, haijainama.