Kompyuta ya gemu ya kwanza: anzeni na pawa saplai

Vijana wa Unguja na Pemba mnaokusanya vipuri kwa mara ya kwanza, msimalize pesa zote kwenye kadi ya picha halafu pawa saplai (kipuri kinachogawa umeme kwa kompyuta nzima) mkachukua ile nyepesi iliyokuja bure na kesi. Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na kipuri kinachoupokea mwanzo ni hicho. Kikifa vibaya hakifi peke yake.

Hesabu yake si ngumu. Kadi ya picha ya RTX 4060 inakula wati 115, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600 wati 65 hivi; pawa saplai ya wati 550 ya kampuni inayojulikana inatosha na kubaki. Wati 1000 za nini? Alama ya 80 Plus inayobandikwa kwenye pawa saplai si mbaya, ila inapima ufanisi tu, si ulinzi. Ukinunua ya mtumba, tazama nyuma: ikiwa na kijiswichi chekundu, kiwe kwenye volti 230 kabla hujachomeka. Kikiwa kwenye 115, utasikia mlipuko tu.

Kabla hujamwagiza mtu Dar, hakikisha vipuri vinakubaliana. Hiyo Ryzen 5 5600 inataka maza bodi (bodi kuu inayobeba vipuri) yenye soketi ya AM4 na rami (kumbukumbu) za aina ya DDR4. Bodi za AM5 zinapokea DDR5 pekee. Kurudisha mzigo kwa boti ni gharama juu ya gharama.

Kesi iwe na vichujio vya vumbi, hasa ukikaa karibu na bahari, Malindi au Mkoani. Wala usiiache wazi ubavuni ati ipate upepo. Upepo huo una chumvi, na bodi huota kutu.