Upanga wa Injili na Panga Letu: Namna ya Kuishi na Mpasuko Ambao Imani Huuleta Nyumbani

Wahubiri wanaotualika kumwamini Kristo hutuahidi amani, na amani hiyo ipo; lakini ni wachache wanaotusomea, siku hiyohiyo, sura ya 10 ya Injili ya Mathayo, mahali ambapo Yesu mwenyewe anasema kwamba hakuja kuleta amani bali upanga, na kwamba adui za mtu watakuwa watu wa nyumbani mwake. Kwa sababu hiyo muumini mpya wa Ujiji au wa Kasulu anaporudi nyumbani siku ya ubatizo na kumkuta mama amenuna na baba hataki kula naye sahani moja, hudhani ama amepotea njia, ama wazazi wake wameingiwa na shetani. Mara nyingi si hili wala lile. Ameingia katika jambo ambalo aliambiwa tangu mwanzo, ila hakuna aliyemsomea.

Nimekaa katika vikao vingi vya familia vya namna hii hapa Kigoma, nikiwa upande wa kanisa, na ningependa kueleza ninavyomshauri mtu anayefika kwangu akisema kwamba imani yake imeivuruga nyumba yao.

Jambo la kwanza ni kutenganisha maumivu. Waraka wa kwanza wa Petro, katika sura ya 4, unasema kwamba anayeteswa kwa kuwa Mkristo asione haya. Lakini mstari uliotangulia unaonya kwamba mtu asiteswe kwa uuaji, wala kwa wizi, wala kwa kujishughulisha na mambo ya watu wengine. Hilo la mwisho tunalipita haraka sana, ingawa limewekwa safu moja na uuaji. Upo, basi, upanga wa Injili, ambao hatuwezi kuukwepa, na lipo panga letu wenyewe, tulilolinoa kwa ulimi na kiburi, kisha tukalibatiza jina la msalaba. Chukua karatasi, andika kila jambo ambalo jamaa zako wanakulaumu kwalo, na kwa kila moja ujiulize: kama ningelifanya hili bila kubadili imani, je, wasingekasirika? Kijana aliyekataa kwenda kwenye maziko ya babu yake angelaumiwa hata kama hana dini yoyote. Binti aliyemwambia shangazi yake mbele ya wageni kwamba anakwenda motoni angelaumiwa vilevile. Lakini aliyekataa kwa adabu kunywa pombe ya mizimu, na akatukanwa, huyo amekutana na upanga wenyewe. Kwa uzoefu wangu, orodha ya kwanza, ya panga letu, huwa ndefu kuliko ya pili, ya upanga wa Injili, na mtu huondoka akiwa na aibu kidogo na kazi nyingi ya kufanya.

Kabla ya maji

Luka, katika sura ya 14, anasimulia mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Ukiwa umezaliwa katika nyumba ya Kiislamu ya Ujiji, gharama hiyo ina majina: ni nafasi yako kwenye futari, ni mchumba ambaye familia ilikwisha kumtaja, ni kaburi utakalozikwa, na pengine ni urithi, kwa kuwa mirathi ikigawanywa kwa sheria ya Kiislamu asiye Mwislamu hahesabiwi miongoni mwa warithi, ingawa mzazi anaweza kumwachia kitu kwa wasia usiozidi theluthi moja ya mali. Yajue hayo mapema, uyakubali au uyakatae ukiwa macho. Mtu anayeshtukizwa na gharama baadaye huwa na uchungu mbaya kuliko yule aliyeihesabu.

Wazazi waambie wewe, na waambie kabla hawajasikia barazani. Hata hivyo usiende mikono mitupu. Kwa desturi zetu neno zito halitoki moja kwa moja kinywani mwa mtoto hadi sikioni mwa baba. Mtafute mjomba au shangazi mwenye busara, umweleze kwanza, na umwombe akae nawe siku hiyo. Usichague mwezi wa Ramadhani, wala siku ya Idi, wala wiki ya msiba. Usiende na mchungaji, angalau siku ya kwanza, kwa maana baba akimwona mgeni huyo atajua kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa nyumba nyingine na yeye ameletewa taarifa tu. Sema mambo matatu na uishie hapo: nimeamini hivi, mimi bado ni mtoto wenu, na wajibu wangu hapa nyumbani haujapungua hata senti moja. Usibishane kuhusu vitabu. Ukiulizwa swali la mtego, jibu kwamba leo hukuja kwa mashindano.

Katiba yetu, katika Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadili. Ni vizuri kulijua hilo, lakini usiisome katiba sebuleni kwa baba yako. Mahali pake ni pale unapopigwa, kufungiwa ndani au kutishiwa maisha; hapo jambo limeacha kuwa la dini na limekuwa la jinai, na mwenyekiti wa mtaa, pamoja na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, wanapaswa kulisikia siku hiyohiyo. Uvumilivu anaoufundisha Petro haumlazimishi mtu kungoja jeraha la pili. Kwa aliye chini ya miaka 18 na anayelishwa na wazazi wake, ushauri wangu huwakera wahubiri wenzangu: ngoja. Imani haihitaji kibali cha mtu, lakini maji ya ziwa hayataondoka.

Chungu, nyama na kaburi

Mpasuko mkubwa hauanzii katika mafundisho ya Utatu. Unaanzia jikoni. Zipo nyumba nyingi za Kikristo katika mkoa huu ambazo, zikiwa na harusi au ugeni, humwita Mwislamu achinje ili wageni wote wale bila wasiwasi, na hakuna aliyepungukiwa na wokovu kwa sababu hiyo. Ukihamia nyumba yako, endelea na desturi hiyo, ili mama yako asipate sababu ya kukataa chakula chako. Tuliona mwaka 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, jinsi ugomvi wa nani achinje ulivyofika hadi kumwaga damu ya mchungaji. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwaruhusu kula walichowekewa mezani na mwenyeji wao bila kuhojihoji, na aliwazuia tu pale ambapo kula kwao kungemkwaza mwingine.

Kwa Mwadventista mambo yana sura nyingine, kwa kuwa yeye hali samaki asiye na magamba, na kambale ni kitoweo cha heshima katika nyumba nyingi za huku. Mwambie mama mapema, siku ambayo hakuna chungu jikoni, kwamba utakula dagaa na migebuka kwa furaha. Mama huumizwa na mtoto anayekisukuma chakula kilichokwisha kupakuliwa; akiambiwa mapema, hupanga. Vivyo hivyo na Sabato: usisubiri Jumamosi ya kupalilia ndipo utangaze kwamba hulimi. Nenda shambani Jumapili, ukalime mara mbili.

Msiba ndio mtihani wenyewe, kwa sababu hapo ukoo hujihesabu. Wapo wanaofundishwa kwamba wasikanyage kwenye matanga ya watu wa dini nyingine. Mafundisho hayo nayapinga bila kigugumizi. Uwe wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Toa mchango, teka maji, kesha na wafiwa, lifuate jeneza. Sala ya maiti usiyoiamini huna haja ya kuiigiza. Simama nyuma, kimya, kama wanavyofanya jirani zetu Waislamu tunapozika wa kwetu. Linapokuja tambiko, ambalo bado lina nguvu katika koo nyingi za Waha na za Wanyamwezi, mfuate mkubwa wa ukoo siku kadhaa kabla, ukiwa peke yako, umwambie kwamba hutashiriki, kisha utoe mchango wako wa chakula cha watu ili usionekane mchoyo. Huenda bado wakasema kwamba umeukata ukoo, na kwamba mtoto atakayeugua mwaka huo ameugua kwa ajili yako. Hapo hakuna hila ya kukuokoa. Ndilo fungu la orodha ya pili.

Ndoa

Mume au mke asiyeamini haachwi kwa sababu ya kutoamini. Paulo amelisema wazi katika 1 Wakorintho sura ya 7: kama anakubali kuendelea kuishi nawe, ishi naye. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimpeleki mtu moja kwa moja mahakamani kudai talaka. Kwa kawaida hupitishwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Lakini mengi ninayosuluhisha si ya mume kuchukia Injili. Ni ya mke anayekesha kanisani Jumanne, Jumatano na Ijumaa, na kumwachia mume watoto watatu na ndoo tupu, au ya mume aliyeokoka ambaye sasa kila neno la mkewe analijibu kwa mstari wa Biblia. Punguza mikesha. Pika. Uulizwapo siri ya utulivu wako, ndipo ueleze.

Kwa aliyekuwa na wake wawili alipoamini, makanisa hayana sauti moja kuhusu ubatizo wake na meza ya Bwana, nami sitajifanya kuimaliza mada hiyo hapa. Ninalosema ni dogo: mke wa pili na watoto wake hawatupwi barabarani ili mwanamume apate kubatizwa. Lolote kanisa litakaloamua juu ya unyumba, bado chakula, ada ya shule na paa la nyumba yao vibaki mabegani mwake.

Kanisa lenyewe linapogawa

Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti walifika Ujiji kutoka London mwaka 1878, na Mapadre Weupe wa Kikatoliki wakafika mwaka uliofuata, 1879. Kwa hiyo Injili ilitufikia ikiwa tayari ni mbili. Huko Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka mmoja, na haikupita hata miaka sita kabla waumini wa pande hizo mbili hawajapigana kwa bunduki pale Mengo, mwaka 1892. Kingine cha kukumbuka ni kwamba wengi wa Wakristo wa kwanza wa Mapadre Weupe kando ya ziwa hili walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Hawakuwa na ukoo wa kuuacha. Misheni ndiyo iliyokuwa baba na mama yao. Nadhani tumerithi bila kujua kanisa linalomtaka kila mwamini awe kama yatima, hata yule ambaye mama yake yuko hai na anamsubiri kwa chakula.

Hivyo, ukihama kutoka Ukatoliki kwenda kwa Wapentekoste, fahamu kwamba kubatizwa upya ziwani kunamwambia mama yako kwamba siku aliyokubeba kwenda kanisani hakufanya kitu. Pengine ndivyo unavyoamini. Basi mwambie kwanza kwamba aliyekufundisha kusali ni yeye, na umshukuru kwa hilo, ndipo ueleze mengine. Ataumia, lakini hatakuwa amedharauliwa. Tena usiikimbie jumuiya ndogondogo ya mtaa inapofiwa, kwa kuwa ndiyo itakayomzika mama huyohuyo.

Yapo mambo mawili ambayo, ukiyasikia madhabahuni, inuka uondoke. La kwanza ni kuambiwa kwamba fedha ya kumtunza mzazi iletwe sadakani. Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa jambo hilohilo walipoliita korbani, na barua ya kwanza kwa Timotheo inasema kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. La pili ni unabii unaomtaja bibi au shangazi kuwa ndiye mchawi wa familia. Katika kanda yetu hii ya magharibi na ile ya ziwa vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni waliopikia wajukuu. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, na joho la nabii halimwondolei mtu kosa hilo.

Mlango unapobaki umefungwa

Inawezekana ukayafanya haya yote na baba asiseme nawe. Ndugu zake Yesu hawakumwamini alipokuwa akifanya kazi Galilaya, na jamaa zake waliwahi kutoka kwenda kumkamata wakisema amerukwa na akili. Tunawakuta tena katika sura ya kwanza ya Matendo, wakisali pamoja na mitume. Sisemi kwamba baba yako naye atakuja. Wapo waliozikwa bila kusema neno.

Endelea kutuma ulichokuwa ukituma, kiasi kilekile na tarehe ileile, bila ujumbe wa mahubiri. Siku ya Idi nenda ukawasalimie, ukavue viatu mlangoni kama zamani, ukae pale utakapoonyeshwa, hata kama ni ukumbini kwenye kigoda cha wageni. Ukiletewa chai, kunywa. Usipoletewa, kaa muda wa kawaida wa mgeni, uage, na mwakani urudi.