Kwa nini Ahero ilipakwa rangi ya ziwa: somo la viwango vya rangi kwenye ramani za kontua

Mwaka jana nilibandika ramani ya miinuko kwenye ukuta wa kanisa moja huku uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Wazee walikuwa wamekutana kuzungumzia mafuriko ya mto Nyando. Mzee mmoja aliisogelea, akaweka kidole juu ya Ahero, akaniuliza, "Mwanangu, kwani sisi tushakuwa ziwa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ahero yote, pamoja na mashamba ya mpunga, ilikuwa samawati ileile ya ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria. Namba zilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeiachia kompyuta ichague viwango vya rangi, na ikachagua bila kujua kwamba watu wa Kano wanaishi ndani ya mita chache tu juu ya maji. Tangu siku hiyo sichapishi ramani kabla ya kupitia hatua hizi. Natumia lugha ya Python na Matplotlib, maktaba yake ya kuchora, kwa amri ya contourf, ile inayojaza rangi kati ya mstari mmoja wa kontua (mstari unaounganisha mahali penye kimo sawa) na mwingine. Data ni ya SRTM, vipimo vya rada vilivyochukuliwa kutoka chombo cha anga Endeavour kwa siku 11, Februari 2000. Eneo langu linaanzia Winam hadi Mlima Elgon.

Hatua ya 1: soma namba kabla ya kutazama rangi

Chapisha kimo.min() na kimo.max(); kimo ni jina nililoipa data yangu ya miinuko. Kwa eneo hili unatarajia chini kabisa uone uso wa ziwa, takriban mita 1,134, na juu kabisa kilele cha Wagagai upande wa Uganda, mita 4,321. Ukiona -32768, usishtuke: hiyo ni alama ya pikseli ambazo rada haikupata kipimo. Lakini usiiache. Contourf huichukulia kama bonde lenye kina cha kilomita 32, inatandaza rangi zake zote humo, na nchi kavu yote kutoka ufuo wa Dunga hadi Elgon inabaki na manjano moja. Ifunike hivi:

kimo = np.ma.masked_equal(kimo, -32768)

Kama data yako ni ya mvua, alama ya pengo mara nyingi ni -9999. Dawa ni hiyohiyo.

Hatua ya 2: andika viwango mwenyewe

Wengi huandika levels=10 wakidhani wameagiza rangi kumi. Hilo ni ombi tu. Matplotlib hutafuta namba za mviringo zinazokaribia idadi hiyo, kwa hiyo unaweza kupata pungufu. Tena inagawanya sawasawa kutoka chini hadi juu. Elgon ikiwa ndani ya ramani, kila rangi inabeba mamia ya mita, na rangi ya kwanza inameza ziwa na Kano kwa pamoja. Hapo ndipo nilipokosea mbele ya wale wazee.

Jiulize ramani inajibu swali gani. Yangu ilikuwa inajibu swali la maji, kwa hiyo viwango nikavibana kule chini na kuviachia nafasi kule juu:

viwango = [1130, 1140, 1160, 1180, 1200, 1400, 1800, 2500]

Hatua ya 3: zitenganishe rangi

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na mimi ilinichukua jioni nzima. Umeandika viwango vizuri, unachora, halafu rangi nne za kwanza zote ni zambarau iliyokolea, huwezi kuzitofautisha hata ukiikaribia skrini. Mipaka ipo, ila rangi hazionekani kutofautiana.

Sababu ni hii: usipoiambia vingine, contourf huchagua rangi kwa kufuata thamani, si kwa kufuata zamu ya kiwango. Kutoka 1130 hadi 2500 ni mita 1,370. Vipande vyangu vinne vya kwanza vinakaa ndani ya mita 70. Hiyo ni asilimia 5 hivi ya ukanda wote wa rangi, kwa hiyo vinne hivyo vinagawana kipande kidogo kilekile cha zambarau. BoundaryNorm, kifaa cha matplotlib.colors kinachogawa rangi kwa mipaka unayoipa, huvunja utaratibu huo, na kila kiwango kinapata hatua yake sawa ya rangi:

rangi = plt.get_cmap("viridis")
kipimo = BoundaryNorm(viwango, rangi.N, extend="max")
ramani = plt.contourf(x, y, kimo, levels=viwango, cmap=rangi, norm=kipimo, extend="max")
plt.colorbar(ramani, ticks=viwango)

Usiruke ticks=viwango kwenye mstari wa mwisho. Upau wa rangi utachora visanduku vyenye ukubwa sawa, kile cha mita 20 na kile cha mita 700. Msomaji asipoona namba ataamini vinalingana.

Hatua ya 4: juu ya kiwango cha mwisho

Bila extend, chochote kinachozidi 2500 hakipakwi kabisa. Elgon inageuka doa jeupe, na mtu atakuuliza data imepotelea wapi. Iandike mahali pote pawili kama hapo juu. Ukiiweka kwenye contourf peke yake, milima inapata rangi ileile ya kipande kilicho chini yake.

Hatua ya 5: chagua rangi ukimfikiria mtazamaji

Ile ramani ya kanisani niliichora kwa rangi ziitwazo terrain, zinazoanza na samawati kule chini. Ni nzuri kama sehemu ya chini ya data yako ni bahari. Kwetu sehemu ya chini ni mashamba ya watu. Sasa natumia viridis, ambayo hung'aa hatua kwa hatua kutoka chini hadi juu, hivyo hata ikitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe bado inasomeka. Ziwa nalichora peke yake juu ya ramani, kutoka kwenye faili la mstari wa ufuo. Samawati iwe ya maji tu.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi, Maseno: Mwalimu, nimeweka vmin=1130 na vmax=1300 lakini mipaka haijasogea hata kidogo. Kosa liko wapi?

Hujakosea kuandika. Vmin na vmax huvuta rangi tu, hazigusi mipaka. Mipaka hutoka kwenye levels. Ziondoe zote mbili, uandike orodha ya viwango.

Mwanachama, Kakamega: Nina ramani mbili za mvua kutoka data ya CHIRPS, ya Januari na ya Aprili. Zinafanana kama mapacha, na sisi tunajua Aprili ndiyo mvua ya masika.

Kila ramani imejichagulia viwango vyake, dada. Kijani ya Januari na kijani ya Aprili si milimita zilezile. Tafuta thamani ya juu kabisa katika miezi yote miwili, tengeneza orodha moja, uitumie kwenye ramani zote mbili. Upau wa rangi uwe mmoja.

Mwanachama, Nakuru: Nikihifadhi PDF naona nyuzi nyeupe kati ya rangi.

Ongeza ramani.set_edgecolor("face") baada ya kuchora. Hiyo ni kwa Matplotlib 3.8 kwenda mbele.

Mwanachama, Ahero: Naomba nipunguze viwango viwe vya mita 2, nijue boma lipi litafikiwa na maji na lipi litabaki.

Ndugu yangu, naelewa kwa nini unauliza, lakini usifanye hivyo. Lengo la SRTM lilikuwa kosa la kimo lisilozidi mita 16 katika vipimo 9 kati ya 10. Isitoshe, rada mara nyingi hupima sehemu ya juu ya miti na mafunjo, si udongo. Programu itakuchorea mistari ya mita 2 bila kulalamika, na itapendeza, na mtu ataamua kujenga kwa sababu yake. Hata hatua zangu za mita 20 nazitumia kuonyesha mteremko wa jumla, wala sinyooshei nyumba ya mtu kidole. Kwa boma moja moja mnahitaji mpimaji ardhi, au alama za mahali maji yalipofika 2020.

Mwanachama, Kisumu: Yule mzee aliiona ramani mpya?

Aliiona. Aliipata Ahero mara moja, akaufuata mto kwa kidole kuelekea ziwani, akasimama katikati. Akasema mto haupiti tena hapo, ulihama. Data yangu ni ya 2000, kwa hiyo namwamini. Jumamosi tunakwenda naye na GPS atuonyeshe.