Stendi ya kukunja yenye matairi, ya msumeno wa meza wa saiti

Mafundi wa makabati na dari mnaozunguka Muriet, Olasiti, Njiro mpaka Moshi kule Pasua, hii habari ya kupanga matofali alafu msumeno wa meza unakaa juu yake tuiache jamani, mashine yenyewe ina kilo 20 mpaka 30 hivi, kiuno kitaisha. Welda yeyote wa mtaani anakutengenezea stendi ukimpelekea vipimo vinavyoeleweka.

Urefu kwanza. Juu ya meza pawe sm 85 hadi 90 toka chini, so pima kimo cha mashine yako ukitoe hapo, mfano mashine ina 33 na unataka 88 basi stendi ni 55 tu.

Fremu ya juu ni mstatili wa skwea paipu ya inchi 1, ya inchi 2 usikubali hata akisema ndo imara, utabeba chuma kuliko mashine. Mashine ifungwe kwa bolti 4, na ukiweka plaiwudi toboa tundu kubwa katikati maana vumbi linamwagikia chini, ukiziba linajaa ndani mota inachemka.

Miguu ni U mbili zinazokunjwa kuingia chini ya fremu, moja iwe nyembamba kidogo ili ilale ndani ya mwenzake. Ya upande mbao inakotokea itanuke nje zaidi, mbao ya futi 12 ikishapita bledi uzito wote unahamia huko na stendi fupi inapinduka nayo.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibiwa kazi: matundu ya bolti. Welda akiwa na haraka anatoboa kwa kijiti cha kuchomelea, tundu linatoka kama limeng'atwa na panya, bolti ya M10 (unene wa mm 10) inacheza humo na juu kule mbao inakatika imepinda. Simama hapohapo, mwambie atumie drili biti ya mm 10, aweke washa (vile visahani vya chuma vya kukalia nati) pande zote na nati yenye nailoni ndani ili isilegee kwa mtetemo. Kila U iwe na mkono wa flati baa (chuma bapa) unaoilokia kwenye fremu kwa pini, na pini uifunge kamnyororo, la sivyo ikidondoka kwenye kifusi sahau.

Matairi mawili ya upepo ya inchi 8 au 10 yanakaa kwenye ncha ya fremu, upande huohuo mbao inakotokea, mshikio upande wako. Vile vigurudumu vya kiti cha ofisi achana navyo, kokoto na tope la masika haviwezi. Mguu mmoja uchomelewe nati chini na bolti ya M12 ya kupandisha na kushusha, maana saiti ya Arusha iliyo tambarare mi sijaiona bado.

Kukunja: chomoa waya kwenye umeme, shusha bledi yote, funga fensi (ile reli ya kuongozea mbao). Kunja miguu ya upande wa matairi, ishushe taratibu mpaka yaguse chini, inua mshikio fremu isimame wima, alafu kunja ya mbele uanze kusukuma.

Siku ya kwanza kabla hujawasha shika kona za meza utikise kwa nguvu, ukisikia inacheza rudi kwa welda siku hiyohiyo, usimlipe iliyobaki kwanza.