Surua huanza kabla ya vipele
Hapa Goma wazazi wengi husubiri vipele ndipo washuku surua, ilhali mtoto huanza kuambukiza wenzake takribani siku 4 kabla havijatokea, wakati ana homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu tu. Mchunguze kinywa penye mwanga wa kutosha: vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi ndani ya mashavu ni dalili ya mapema. Vipele huanzia usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka mwilini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa ngozi uhisi kama inakwaruza. Mpeleke kituo cha afya apewe vitamini A, inayopunguza hatari ya upofu. Antibiotiki haziui virusi vya surua, hata muuza dawa akisisitiza.